Nani Ataandika Habari za Pombe Yetu?

Leo somo letu linahusu pombe. Usishtuke. Hatukufundishi kunywa, wala hatukufundishi kupika. Tutasoma habari za vitabu vilivyoandikwa juu ya pombe kali iitwayo wiski, na juu ya viwanda vinavyoitengeneza. Baadaye tutarudi nyumbani, huku kwetu Mbeya na Iringa, tujiulize: Je, sisi tumeandika nini?

Somo hili lilianza na swali. Katika darasa moja la kisomo, mkoani Mbeya, tulikuwa tunasoma maneno ya kazi za kila siku. Tuliandika ubaoni: jembe, mbolea, ulezi, pombe. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. Mama huyu amepika pombe ya ulezi kwa miaka mingi, na kwa pombe hiyo amesomesha watoto. Akasema, "Mwalimu, kilimo kina kitabu, nimekiona. Mbolea ina kitabu. Hivi pombe nayo ina kitabu?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Mdogo wangu alikunywa gongo msibani. Siku ya pili akaamka haoni. Mpaka leo anashikwa mkono. Nataka kujua ile pombe ilikuwa na nini ndani yake. Kila ninayemwuliza ananiambia ni bahati mbaya tu."

Kicheko kikaisha. Tulimwahidi mama yule kwamba tutatafuta jibu. Basi, ndugu msomaji, hili ndilo jibu letu. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, tazama mwisho wa somo.

POMBE ZA AINA MBILI

Kwanza tutofautishe pombe za aina mbili.

Aina ya kwanza ni pombe ya kuchachuka. Hizi tunazijua sana. Iringa na Njombe kuna ulanzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa mvua, akatega mbeta, na utomvu ukadondoka humo. Ukinywewa mapema ni mtamu. Ukikaa, unachachuka wenyewe na kuwa pombe. Kuna pia komoni, inayopikwa kwa mahindi na ulezi. Rungwe na Kyela kuna kimpumu cha ulezi, ambacho watu hukizunguka na kukinywa kwa mirija huku kikiongezwa maji ya moto.

Katika pombe hizi zote kazi hufanywa na vijidudu vidogo sana viitwavyo hamira. Hamira hula sukari na kutoa kilevi. Lakini kilevi kikizidi, hamira yenyewe hushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana pombe ya kuchachuka haiwezi kuwa kali kupita kiasi.

Aina ya pili ni pombe ya kukenekwa. Hapo pombe iliyokwisha kuchachuka huchemshwa, na mvuke wake hukusanywa. Umeona mfuniko wa sufuria ya ugali? Ukiufunua, kuna matone ya maji. Matone yale ni mvuke uliopoa. Sasa, maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100. Kilevi huchemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 78. Kwa hiyo kilevi hutangulia kupanda na mvuke, na matone yake huwa makali. Gongo ni pombe ya namna hiyo. Konyagi ni pombe ya namna hiyo. Na wiski ni pombe ya namna hiyo hiyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme komoni ina kilevi asilimia 4. Lita moja ni mililita 1000. Asilimia 4 ya 1000 ni 40. Kwa hiyo lita nzima ya komoni ina mililita 40 za kilevi. Wiski ina kilevi asilimia 40. Mililita 100 tu za wiski, ambazo hazijazi hata kikombe cha chai, nazo zina mililita 40 za kilevi. Yaani nusu kikombe cha wiski ni sawa na lita nzima ya komoni.

Je, gongo ina asilimia ngapi? Hakuna ajuaye. Ya jana siyo ya leo, na ya nyumba hii siyo ya nyumba ile. Neno hili liweke moyoni. Tutalirudia.

MSTARI MMOJA WA DAFTARI

Wiski ilianza kupikwa zamani huko Ireland na Scotland. Scotland ni nchi ya kaskazini mwa Uingereza. Sehemu yake kubwa ni milima, baridi na ukungu, kama vile Makete au Kitulo. Watu wake walilima shayiri. Waliiloweka, wakaiacha ichipue, wakaikausha. Hicho ni kimea, si ndiyo? Mama zetu hufanya hivyo hivyo kwa ulezi. Jina wiski limetoka katika lugha yao ya zamani, na maana yake ni "maji ya uhai".

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Ushahidi wa kwanza wa maandishi kuhusu pombe hiyo huko Scotland siyo kitabu. Siyo hotuba ya mfalme. Ni mstari mmoja katika daftari la hesabu za serikali la mwaka 1494. Mstari huo unasema kwamba mtawa aitwaye John Cor alipewa vipimo vinane vya kimea ili atengeneze pombe hiyo. Basi. Karani aliandika matumizi ya siku, akafunga daftari. Hakujua kwamba zaidi ya miaka 500 baadaye watu wa dunia nzima watautaja mstari wake.

Bila shaka watu walikuwa wakikeneka pombe kabla ya mwaka huo. Lakini majina yao hatuyajui. Tunamjua John Cor kwa sababu karani alikuwa na wino.

MOTO WA KUJIFICHA

Usidhani kwamba wiski ilianza na viwanda vikubwa vyenye vibali. Hapana. Kwa muda mrefu ilikuwa kama gongo ya huku kwetu. Serikali iliweka kodi kubwa na masharti magumu. Wakulima maskini hawakuweza kuyatimiza. Basi wakaficha mitambo yao mabondeni na mapangoni. Walipika usiku ili moshi usionekane. Maofisa wa kodi waliwawinda. Hata mshairi mashuhuri wa Scotland, Robert Burns, alifanya kazi ya uofisa wa kodi kuanzia mwaka 1789.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilibadili sheria. Kodi ilipunguzwa. Mkenekaji aliruhusiwa kupata leseni kwa paundi 10 kwa mwaka. Mwaka 1824 mkulima mmoja wa bonde la Glenlivet, George Smith, alichukua leseni. Majirani zake walikasirika. Walisema ni msaliti, wakatishia kukichoma moto kiwanda chake. Ikabidi atembee na bastola mbili kiunoni. Lakini hakuacha. Baada ya miaka michache wengi wakamfuata, na moto wa kujificha ukaanza kuzimika.

Sheria haikubadilisha pombe peke yake. Ilileta vipimo. Ofisa alikuja na daftari. Aliandika kimea kimeingia kiasi gani, na pombe imetoka kiasi gani. Leo sheria inadai wiski ya Scotland ilale katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Mnywaji anasoma karatasi ya chupa na kujua anachokunywa.

MTU ALIYEZUNGUKA VIWANDANI

Kati ya miaka 1885 na 1887, mwandishi mmoja aitwaye Alfred Barnard alisafiri Scotland, Ireland na England. Alitembelea viwanda vya wiski zaidi ya 150. Alisafiri kwa gari moshi, kwa meli na kwa gari la farasi. Kila alipofika aliuliza: Kiwanda hiki kilianza lini? Maji mnatoa wapi? Pipa lina ukubwa gani? Mnatoa pombe kiasi gani kwa mwaka? Majibu aliyaandika. Mwaka 1887 alitoa kitabu kikubwa, The Whisky Distilleries of the United Kingdom, yaani Viwanda vya Wiski vya Ufalme wa Muungano.

Wakati ule labda wengi waliona ni kazi ya bure. Kila mtu alikuwa anavijua viwanda vya jirani, sasa kuviandika kwa nini? Lakini miaka ikapita. Biashara ilianguka mara nyingi. Viwanda vingi vilifungwa, vingine vikabomolewa, na ng'ombe wakalishwa mahali pake. Leo, mtu akitaka kujua kiwanda fulani kilikuwaje, hufungua kitabu cha Barnard. Mwaka 1993 mwandishi Brian Townsend alitoa kitabu kizima juu ya viwanda vya Scotland vilivyopotea. Na siyo vyote vilivyofungwa vilikufa kabisa. Kiwanda cha Port Ellen kilifungwa mwaka 1983, kikafunguliwa tena mwaka 2024.

Tunajifunza nini? Kitu cha kila siku huonekana hakina maana ya kuandikwa, mpaka siku kinapotoweka.

JINA LILILOSAHAULIWA

Sasa twende Marekani. Huko kuna wiski maarufu sana inayoitwa Jack Daniel's. Jina ni la mtu mwenyewe, Jack Daniel, wa mji wa Lynchburg katika jimbo la Tennessee. Kwa miaka mingi watu walisimuliwa kwamba Jack alijifunza kazi alipokuwa kijana kwa mhubiri mmoja, Dan Call, aliyekuwa na mtambo shambani.

Kumbe mwalimu wa kweli alikuwa mwingine. Alikuwa mtu mweusi, mtumwa, aitwaye Nathan Green. Watu walimwita Nearest. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mtambo wa mhubiri, na yeye ndiye aliyemfundisha Jack. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, Nearest Green alifanya kazi kwa Jack kama fundi mkuu. Watoto wake nao walifanya kazi hiyo.

Je, habari hizi zilijulikanaje? Wazee wa ukoo wake walizisimulia nyumbani. Lakini masimulizi ya nyumbani hayakufika mbali. Mwaka 1967 mwandishi Ben A. Green alitoa kitabu cha maisha ya Jack Daniel, na humo alimtaja Nearest na wanawe mara nyingi. Kitabu kikakaa. Mwaka 2016 gazeti la New York Times liliandika habari zake, na kampuni ya wiski hiyo ikaanza kumtaja hadharani. Mwandishi mmoja mweusi, Fawn Weaver, alisoma habari hiyo akafunga safari kwenda Lynchburg. Alikusanya hati za zamani na kuzungumza na wazee wa ukoo wa Green. Mwaka 2024 alitoa kitabu chake, Love & Whiskey.

Angalia, ndugu msomaji. Kazi ilikuwa ya mtu mweusi. Jina la chupa likawa la mwingine. Kilichomrudisha Nearest Green ni vitu viwili: wazee waliokumbuka, na karatasi iliyohifadhi. Kumbukumbu bila karatasi ingekufa pamoja na wazee. Karatasi bila wazee isingekuwa na uhai.

NA SISI JE?

Tuje sasa nyumbani. Mama yule aliuliza kama pombe ina kitabu. Jibu ni ndiyo, tena hata pombe ya Rungwe ina kitabu. Lakini nani aliyekiandika?

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wataalamu wawili, mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliishi kwa Wanyakyusa wakichunguza maisha yao. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company. Humo alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe. Alieleza pia neno ukwangala. Wanyakyusa mnalijua. Ni kukaa pamoja na wenzako wa rika, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza vizuri. Kwa wazee wale, mtu anayekula na kunywa peke yake hakuwa mtu kamili.

Miaka mingi baadaye mwanahistoria Mwingereza, Justin Willis, alikuja kuuliza wazee wa Rungwe juu ya pombe. Mwaka 2001 alitoa makala yenye kichwa kinachosema kwamba zamani pombe ilikuwa mali ya wanaume wazee. Mwaka 2002 alitoa kitabu, Potent Brews, juu ya historia ya pombe katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1850 hadi 1999. Anaeleza kwamba zamani pombe ilifuata heshima. Mzee aligawa, kijana alingoja. Ilipokuja fedha ya mshahara na ya mazao, kijana naye akanunua. Heshima ya mzee juu ya mtungi ikapungua. Na akina mama, ambao daima walikuwa wapikaji, wakaanza kuuza na kushika fedha zao wenyewe.

Tunawashukuru waandishi hawa. Lakini vitabu vyao ni vya Kiingereza. Bibi wa Rungwe aliyetoa habari hawezi kuvisoma. Mjukuu wake hawezi kuvipata kijijini. Na je, ulanzi wa Iringa, komoni, kangara, nani ameviandika kwa Kiswahili chepesi ili sisi tusome? Vitabu vya wiski vinajaza rafu nzima. Vya kwetu, ukibahatika, utavihesabu kwa vidole.

SHERIA ZA POMBE KALI

Wengine hudhani gongo ilianza kukatazwa baada ya Uhuru. Siyo kweli. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia pombe kali kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919 mkataba mwingine uliongeza kukataza kukeneka pombe kali humu humu Afrika. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mzungu aliruhusiwa kunywa wiski katika klabu yake, lakini Mwafrika akikutwa na pombe kali alishtakiwa. Ulikuwa ubaguzi mtupu. Na marufuku ile haikuondoa gongo. Iliificha tu, kama ilivyokuwa Glenlivet.

Baada ya Uhuru nchi zetu zilijaribu njia mbalimbali. Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria ya enguli. Mkenekaji alitakiwa awe na leseni, na pombe yake iende kiwandani ikasafishwe. Hiyo ikawa Uganda Waragi ya chupa. Mwaka 1966 Tanzania nayo ilitunga sheria ya moshi, yaani gongo. Sheria hiyo inakataza kutengeneza moshi bila leseni. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980. Mwaka 2010 ikaiondoa marufuku hiyo na kuweka sheria ya vipimo na leseni. Huku kwetu, Machi 1, 2017, serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, ile tuliyoiita viroba.

Je, sheria inatosha? Hapana. Kenya ilipoiruhusu chang'aa mwaka 2010, watu hawakuacha kufa. Mwaka 2014 walikufa zaidi ya 80 katika siku chache kwa pombe yenye sumu. Sheria iliyoandikwa vizuri bila mtu wa kupima ni karatasi tu.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Sasa tujibu swali la mama. Pombe ile ilikuwa na nini?

Hatukuwapo, na hakuna aliyeipima. Lakini madaktari wanaijua sumu inayopofusha kwa namna ile. Inaitwa methanoli. Ni ndugu wa kilevi cha kawaida. Haina rangi. Harufu na ladha yake havitofautiani sana na vya pombe, kwa hiyo ulimi hauwezi kuitambua. Hutumika viwandani katika rangi, dawa za kusafishia na mafuta ya kuwashia. Mara nyingi methanoli huingia katika gongo kwa sababu ya muuzaji mwenye tamaa. Anachanganya spiriti ya kiwandani ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Nchini Kenya, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 mjini Nairobi, na wengine wakapofuka.

Hatari ya methanoli ni kwamba haianzi mara moja. Mtu hunywa, hulewa, hulala. Saa 12 mpaka 24 zinapita. Ndipo kichwa kinauma sana, tumbo linauma, anatapika, anahema kwa shida. Macho yanaona ukungu au weupe. Watu husema, "Ah, huyo ana mning'inio tu, mwacheni alale." Hapana! Mtu aliyekunywa gongo akisema haoni vizuri, apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile. Akiwahi, dawa zipo. Akichelewa, macho hayarudi, na uhai unaweza kutoka. Wapelekeeni waganga habari za kweli, yaani alikunywa nini, lini na kiasi gani. Kama pombe imebaki kwenye chupa, ichukueni. Msione aibu. Na wote waliokunywa naye nao wakapimwe, hata kama wanajiona wazima.

Mitambo nayo ina hatari yake. Wengine hutumia rejeta za magari na mapipa yaliyowekewa dawa za mashamba. Madini ya risasi na mabaki ya dawa huingia katika pombe kidogo kidogo na kuharibu damu, figo na ubongo.

Kwa hiyo, mama, haikuwa bahati mbaya tu. Ilikuwa sumu. Na ilikuwa pia ukosefu wa daftari. Nani aliuza? Aliitoa wapi? Wangapi waliumwa siku ile? Hakuna aliyeandika. Kwa sababu hakuna aliyeandika, pipa lile huenda liliuzwa tena katika msiba mwingine.

TUANDIKE

Tulipomsomea mama yule habari hizi darasani, alikaa kimya. Kisha akauliza, "Yule karani wa mwaka 1494, aliandika mistari mingapi?" Tukamwambia, mmoja. Akasema, "Mmoja hata mimi naweza."

Akafungua daftari lake. Akaandika kwa herufi kubwa kubwa: "Mimi ninapika pombe ya ulezi. Nilifundishwa na mama mkwe wangu." Akatulia. Chini yake akaongeza: "Mdogo wangu alipofuka kwa gongo. Aliyeuza simjui. Nitauliza."

Ndugu msomaji, wewe umehitimu kisomo. Kalamu unayo. Katika kijiji chako wapo wazee wanaojua ulanzi ulivyogemwa zamani, pombe ya matambiko ilivyopikwa, nani alikunywa kwanza na nani alikatazwa. Wapo wanaojua ni nyumba ngapi zimevunjika kwa ulevi, na ni watoto wangapi wamesomeshwa kwa pombe. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yaandikwe. Usisubiri mgeni atoke mbali. Akija, mkaribishe. Lakini akute daftari limeshaanza.

MAANA YA MANENO

Kukeneka: kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake uliopoa.
Kimea: nafaka iliyochipua ikakaushwa.
Kilevi: kitu kilicho ndani ya pombe kinachomlevya mtu.
Methanoli: sumu inayofanana na kilevi, hupofusha na kuua.
Mbeta: chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi.
Mwaloni: mti mgumu wa Ulaya na Marekani unaotengenezwa mapipa.
Rika: watu wa umri mmoja.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya ulanzi na gongo?
2. Komoni yenye kilevi asilimia 4: lita 3 zina mililita ngapi za kilevi?
3. Kwa nini majirani walimkasirikia George Smith mwaka 1824?
4. Ni vitu gani viwili vilivyorudisha jina la Nearest Green?
5. Taja dalili tatu za mtu aliyekunywa methanoli. Utafanya nini ukiziona?
6. Jadilianeni darasani: Je, gongo ipigwe marufuku kabisa, au itolewe leseni na kupimwa? Kila mtu atoe sababu zake.

KAZI YA KUFANYA

Nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chako, mwanamke au mwanamume. Mwamkie kwa heshima. Mwombe akueleze pombe moja ya zamani: ilipikwa kwa nini, na nani, kwa shughuli gani, na ilikatazwa kwa nani. Andika jina lake akikubali, jina la kijiji na tarehe. Andika mistari mitano. Ukishindwa mitano, andika mmoja. Soma mbele ya darasa lako, kisha daftari litunzwe mahali pakavu, mbali na mchwa.